Kikokotoo kimesema asilimia 52 kansa ya mzee itarudi: jibu langu kwa dada wa Tanga

Swali lilikuwa refu, nimelifupisha hivi:

"Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, wiki 9 zilizopita alikatwa sehemu ya ini kule India kwa kansa ya mirija ya nyongo iliyokuwa ndani ya ini. Ripoti ya maabara inasema uvimbe ulikuwa mmoja, sentimita 6.5, kingo safi kwa milimita 3, seli za kansa zimeonekana kwenye vimishipa vidogo vya damu, tezi za limfu 2 zilipimwa na zote safi. Kipimo cha damu cha CA 19-9 kabla ya upasuaji kilikuwa chini ya 2. Mdogo wangu akaingiza hayo yote kwenye kikokotoo cha mtandaoni kikaleta asilimia 52 kwamba itarudi ndani ya mwaka. Sasa nyumbani hapakaliki. Kaka yetu anasema kama ni nusu kwa nusu basi kemo ya nini, tumuache mzee apumzike. Mdogo anataka arudishwe India akapigwe picha ya PET. Daktari wa Dar ameandika vidonge vya kemo vya miezi sita na mpaka leo havijaguswa. Hiyo 52 ni ya kweli? Na tufanye nini?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana na uuguzi.

Nianze na la haraka manake mengine yote yanaweza kusubiri hata mwezi: hivyo vidonge. Kama mzee anakula, anatembea mwenyewe, kidonda kimepona na bilirubini (kipimo cha damu cha umanjano) iko kawaida, basi mrudisheni kwa huyo daktari wa Dar wiki hii hii, siyo baada ya kumaliza ubishi. Kawaida tunapenda dawa ianze ndani ya wiki 8 mpaka 12 baada ya upasuaji, nyie mko wiki ya 9. Mnachobishania nyumbani ni namba, na wakati mnabishana muda wa kuifanyia hiyo namba kitu chochote unaenda.

Haya, sasa tuingie kwenye kikokotoo chenyewe.

Kwanza uelewe kinakotoka. Wataalamu wanachukua mafaili ya wagonjwa mia kadhaa waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kansa hii, mengi yanatoka hospitali kubwa za China, Marekani, Ulaya, Japani, Korea, na kansa za mirija ya nyongo kwa ujumla zimesomwa sana kule kaskazini mashariki mwa Thailand, upande wa Khon Kaen, ambako ni janga kwasababu watu wanakula samaki wabichi wa mtoni wenye minyoo ya ini. Wanaangalia nani alirudiwa mapema na nani hakurudiwa, halafu wanatafuta ni vitu gani walikuwa navyo wale waliorudiwa. Ukubwa wa uvimbe, idadi ya vivimbe, tezi za limfu, mishipa, kingo za pale walipokata, seli zimeharibika umbo kiasi gani, CA 19-9, siku hizi na picha za CT zinasomwa na kompyuta. Kila kitu kinapewa uzito wake, vinajumlishwa, inatoka asilimia. Ndiyo hiyo mdogo wako kaiona kwenye simu.

Kwahiyo asilimia 52 maana yake ni hii: ukikusanya wagonjwa 100 wa kwenye yale mafaili waliofanana na baba yako kwa vile vitu vilivyoingizwa, 52 walirudiwa ndani ya miezi 12 na 48 hawakurudiwa. Basi. Haisemi mzee yuko kundi lipi. Hakuna kikokotoo duniani kinachojua hilo kwasasa, na akikwambia mtu kwamba anacho, funga pochi.

Na vyenyewe vina ubora tofauti. Kipimo wanachotumia kuvipima kinaanzia 0.5, ambayo ni sawa na kurusha shilingi, mpaka 1 ambayo ni kutokosea kabisa. Vya ugonjwa huu vingi vinacheza kwenye 0.7 na kidogo. Tuseme ni 0.75: ukichukua wagonjwa wawili, mmoja alirudiwa mapema na mwingine hakurudiwa, kikokotoo kitampa yule aliyerudiwa alama kubwa zaidi mara 75 kati ya 100, na mara 25 kitawageuza. Siyo takataka, kinasaidia. Ila siyo kitu cha kugombanisha ndugu wa tumbo moja.

Halafu kuna neno "mapema", ambalo kila mtafiti ana lake. Wengine wanasema ndani ya miezi 6, wengine 12, wengine 24. Ugonjwa kwa ujumla wake unarudi kwa karibu watu 6 mpaka 7 kati ya 10 waliopasuliwa vizuri kabisa, najua inauma kuisoma lakini umeniuliza ukweli, na wengi kati ya hao ni ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kuna wale wanaorudiwa ndani ya miezi 6, karibu mtu 1 kati ya 5, hao ndio wenye hali ngumu zaidi. Kwahiyo mkiingia kwenye kikokotoo kingine kinachohesabu miaka miwili mtaona namba kubwa kuliko 52 na mtashtuka bure, wakati ni ugonjwa ule ule na mzee yule yule. Na muwe waangalifu msije mkaingia kwenye cha kansa ya ini ile ya kawaida, inayotokana na seli za ini zenyewe, ni ugonjwa mwingine kabisa ingawa unakaa nyumba moja na huu. Kikiwauliza AFP (kipimo cha damu cha kansa hiyo nyingine) peke yake bila CA 19-9 wala tezi za limfu, mmepotea njia.

Sasa kuhusu mzee mwenyewe. Nimeisoma ripoti mara mbili tatu, na nina shida na taarifa mbili mlizoingiza.

Ya kwanza ni tezi. Mmeandika "tezi hazina kansa" na kikokotoo kikampunguzia alama. Ni kweli zilizopimwa hazina, lakini zimepimwa 2 tu. Mwongozo wa Wamarekani wa kupanga hatua za kansa, toleo la 8, unataka tezi zisizopungua 6 ndo uwe na uhakika wa kusema hazijaguswa. Ukitafuta kwenye tezi 2 ukakosa, bado kuna zingine ambazo hakuna aliyeziangalia. Siwalaumu madaktari wa kule, kuna madaktari wengi wa upasuaji wasiotoa tezi nyingi kwenye kansa ya ndani ya ini, wana sababu zao, lakini kwenye hesabu yetu hiyo "safi" ni safi nusu. Na tezi kuwa na kansa ni moja ya vitu vyenye uzito mkubwa kuliko vyote kwenye ugonjwa huu, kwahiyo pengo hilo siyo dogo.

Ya pili ni CA 19-9. Hii inanikera kidogo kwasababu vikokotoo vingi haviulizi kama mwili wa mgonjwa unaweza kuitengeneza. Kipimo cha kawaida ni chini ya 37, na kikiwa juu sana kabla ya upasuaji ni dalili mbaya. Ya mzee ni chini ya 2, mkafurahi, kikokotoo nacho kikafurahi. Lakini chini ya 2 siyo "nzuri sana", mara nyingi maana yake ni kwamba mwili wake hauwezi kuitengeneza hiyo CA 19-9 kabisa. Iko hivi, CA 19-9 inahusiana na kundi la damu linaloitwa Lewis, na mtu asiye na kimeng'enya cha kulitengeneza anaweza kuwa na kansa ya ukubwa wa embe na CA 19-9 yake ikabaki sifuri na kitu. Kwa wazungu watu wa aina hiyo ni kama 5 mpaka 10 kati ya 100, kwa sisi wenye asili ya Afrika ni wengi zaidi. Kwahiyo kwenye familia zetu hili si jambo la kitabuni, ni la kila siku. Kwa mzee kipimo hiki hakimtetei wala hakimshtaki, na mbele ya safari msikitumie kumfuatilia, mtakuwa mnachoma hela. Muombeni daktari atumie CEA, kipimo kingine cha damu, badala yake, na picha.

Hivyo vitu viwili vinasukuma namba juu kidogo kuliko 52. Subiri, usilie bado, kuna vinavyoisukuma chini pia.

Vikokotoo hivi vingi vimejengwa kwa mafaili ya zamani, miaka ya tisini, elfu mbili, mpaka kwenye 2015 huko. Wakati huo wagonjwa wengi baada ya upasuaji walikuwa wanaambiwa nenda nyumbani tutakuita. Dawa baada ya upasuaji haikuwa utaratibu. Kwahiyo ile 52 kwa sehemu kubwa ni hadithi ya watu ambao hawakumeza kitu, na kaka yako anaitumia kama sababu ya mzee naye asimeze. Hapo ndipo hesabu yake imegeuka kichwa chini.

Ngoja nieleze kwanini inarudi mapema, manake ukilielewa hili mengine yanajipanga yenyewe. Kansa ikirudi baada ya miaka mitano sita, inawezekana kabisa ni mpya, ini lile lile lililokuwa na tatizo limezalisha nyingine. Ikirudi mwezi wa tano au wa tisa, hiyo haikurudi kutoka popote, ilikuwepo siku ya upasuaji. Ilikuwa seli chache zilizotangulia kwenye ini lililobaki, au kwenye tezi, au mapafuni, ndogo mno hata CT nzuri kiasi gani isingeziona. Ndo maana ile sentensi ya ripoti kuhusu vimishipa vidogo vya damu ina uzito: uvimbe ulishafungua mlango wa kuingia kwenye damu, na hiyo huwezi kuijua kwa macho wala kwa CT, mpaka mtu wa patholojia aweke nyama chini ya darubini. Uvimbe wa zaidi ya sentimita 5 nao una maana hiyo hiyo, umekaa muda mrefu, umepata nafasi nyingi. Kwahiyo hivi vikokotoo, ukiviangalia vizuri, havitabiri kesho. Vinakisia jana, yaani siku ile ya upasuaji kulikuwa na uwezekano gani kwamba kuna kitu kimebaki ambacho hakionekani.

Na kama ni kitu kilichobaki ambacho hakionekani, kisu hakina kazi tena, PET nayo haitasaidia sana kwasababu haioni seli chache, inahitaji uvimbe wenye ukubwa fulani. Kinachoweza kufika huko ni dawa inayozunguka kwenye damu.

Dawa hiyo ndo hivyo vidonge mlivyoandikiwa, kapesitabini. Ushahidi wake mkuu ni utafiti wa Uingereza unaoitwa BILCAP, ulichukua wagonjwa 447 kwenye hospitali 44 kuanzia 2006 mpaka 2014, matokeo yakachapishwa 2019. Nusu walimeza vidonge kwa miezi sita, nusu walifuatiliwa tu. Waliopewa dawa, yule wa katikati aliishi miezi 51, wasiopewa miezi 36. Ntakuwa muwazi, kwenye hesabu kuu ya kitakwimu tofauti ile haikufika ule mstari ambao watafiti wanautaka, ilifika walipoondoa waliokiuka utaratibu na waliporekebisha kwa mambo kama tezi na ukali wa ugonjwa, na kuna wenzangu mpaka leo wanabishana juu ya hilo kwenye mikutano. Kilichonivutia mimi ni kingine: faida ya kuzuia kurudi ilionekana kwenye miezi 24 ya mwanzo, baada ya hapo hakuna tofauti. Yaani inapunguza ule ule urudiaji wa mapema mnaouogopa. Wajapani nao 2023 wakatoa utafiti wa wagonjwa 440 kwa kidonge kingine cha jamii hiyo hiyo kinaitwa S-1, baada ya miaka mitatu waliokuwa hai ni asilimia 77 kwa waliomeza na 68 kwa wasiomeza. Tafiti mbili, nchi mbili, vidonge ndugu, mwelekeo mmoja. Kwangu mimi inatosha, na ndio utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi duniani.

Kwahiyo mwambieni kaka kwa upole, manake naona anaongea kwa uchungu siyo kwa ubaya: kama kikokotoo kingesema asilimia 10, hapo hoja ya kumpumzisha mzee ingekuwa na miguu. Kwa 52 dawa ina kazi kubwa zaidi ya kufanya, siyo ndogo.

Kuhusu dawa yenyewe mjiandae. Siyo ile kemo ya dripu ya kung'oa nywele ambayo watu wanaiona kwenye sinema. Ni vidonge, asubuhi na jioni baada ya kula, wiki mbili anameza wiki moja anapumzika, mizunguko 8, inakuwa kama miezi sita. Kabla ya kuanza lazima figo zipimwe, zikiwa dhaifu dozi inapunguzwa na zikiwa dhaifu sana haitolewi kabisa. Viganja na nyayo vinaweza kuwa vyeusi, kukauka, kuchubuka, hilo kwa watu wetu linaonekana sana na watu mtaani wataanza maneno ya karogwa, apakwe mafuta mazito mapema na avae ndala laini. Kuharisha: akienda chooni mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, anasimamisha vidonge na mnapiga simu, msisubiri kliniki. Maumivu ya kifua, anasimamisha na anaenda hospitali muda huo huo. Na mzunguko wa kwanza mkae naye karibu kabisa kwasababu kuna watu wachache wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja hii dawa, hao vidonda vya mdomoni na kuharisha vinakuja mapema na vinakuja vikali. Kama anatumia warfarini au dawa ya kifafa ya fenitoini, daktari lazima ajue kabla, vinagombana. Na mitishamba, jamani. Sijui mmempa nini na sitauliza, lakini kwa miezi hiyo sita ini lake lililobaki liwe na kazi moja tu.

Kitu kingine ambacho kikokotoo hakiwaambii ni kwamba namba inazeeka. Ile 52 ni ya siku ya upasuaji. Tuseme kwa mfano tu, kati ya wale 100, 20 wanarudiwa kwenye miezi minne ya mwanzo. Mzee akifika mwezi wa nne CT ikiwa safi, yeye siyo tena mmoja wa wale 100, ni mmoja wa 80 waliobaki, na kati ya hao wanaotarajiwa kurudiwa kabla ya mwaka kuisha ni 32, hiyo ni asilimia 40. Akivuka mwezi wa nane inashuka tena. Kila CT safi inafuta sehemu ya ile namba, na ni vibaya sana kumuona mtu amefika mwezi wa kumi na moja yuko salama halafu familia bado inaishi na 52 ya siku ya kwanza. Msikifungue tena hicho kikokotoo kila wiki kwa taarifa zile zile, hakijajengwa kwa ajili hiyo.

Ufuatiliaji sasa. Kwa hatari ya kiwango chake mimi ningemfanyia CT ya kifua na tumbo lote yenye dawa ya mshipa kila baada ya miezi 3 kwa miaka miwili ya kwanza, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa tano. CT ya kwanza kabisa ifanyike sasa kabla ya kuanza vidonge, iwe ndio ya kulinganishia, manake ini baada ya kukatwa linaota na kubadilika umbo na msomaji wa picha asiyekuwa na picha ya nyuma anaweza kuwatia presha bure. Fanyeni hospitali moja, mashine moja ikiwezekana, na CD zote mtunze, siyo karatasi ya majibu peke yake. Hayo yote yanafanyika hapa hapa, hamna haja ya kupanda ndege. Hiyo hela ya PET ya India, dada yangu, ndo hela ya CT zote za mwaka na nauli za mzee Tanga Dar.

Mdogo wako atauliza kuhusu kipimo cha damu cha kutafuta vipande vya DNA ya kansa. Kinavutia, na naamini baada ya muda kitaviacha vikokotoo vyote nyuma kwasababu kinatafuta kile kile kilichobaki badala ya kukikisia. Kwa sasa kwenye ugonjwa huu bado hakijawa utaratibu, na kikisema ndiyo, hatuna dawa tofauti ya kumpa kuliko hiyo hiyo tuliyokwishaandika. Aache kwanza.

Ila kuna kitu kimoja cha India nataka mkifanye, na ni cha barua pepe tu. Nyama ya uvimbe iliyokatwa imehifadhiwa kwenye nta kule maabara ya hospitali, wanaziita bloku. Andikeni kuomba bloku moja au slaidi ambazo hazijapakwa rangi, au angalau wathibitishe kwa maandishi kwamba zipo na zitatunzwa. Sababu ni kwamba kansa ya mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini, tofauti na zile za nje ya ini, ina bahati moja: kama mgonjwa 1 kati ya 8 au 10 hivi ana hitilafu ya jeni (chembe ya urithi) inaitwa FGFR2, na wengine karibu idadi hiyo wana IDH1, na kwa hizo kuna vidonge maalumu vilivyoanza kuidhinishwa Marekani 2020 na 2021. Ni ghali kupita kiasi, sitawadanganya, na hazitolewi sasa hivi baada ya upasuaji, zinaingia pale ugonjwa unaporudi. Lakini siku ikirudi halafu mnaanza kutafuta bloku iliyokaa miaka miwili kwenye stoo ya nchi nyingine, mgonjwa anasubiri, mtajuta. Iombeni sasa wakati faili bado la moto na yule mratibu wa wagonjwa wa kigeni bado anajibu WhatsApp.

Na ikirudi je? Najua ndo swali ulilolizunguka bila kuliuliza. Inategemea imerudi lini na wapi. Ikirudi ndani ya ini peke yake, kivimbe kimoja kidogo, na ikiwa imechukua zaidi ya mwaka, kuna watu wanakatwa tena au wanachomwa kile kivimbe kwa sindano ya joto na wanaendelea na maisha kwa miaka. Ndo maana nakazania CT za kila miezi mitatu, kivimbe cha sentimita 2 na cha sentimita 7 ni mazungumzo mawili tofauti. Ikirudi sehemu nyingi, basi ni dripu za jemsitabini na sisplatini, ambazo zimekuwa ndio msingi tangu 2010, zinapatikana Dar na Nairobi, na tangu 2022 wenye uwezo wanaongezewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili inayoitwa durvalumabu. Hizo hazilengi kuponya, zinalenga kuongeza muda wenye nafuu. Kikokotoo kikiwa sahihi kwa upande mbaya, bado kuna hatua za kuchukua, na nyie mtakuwa mmejipanga mapema kuliko familia nyingi ninazoziona.

Halafu mzee mwenyewe. Kwenye barua yako yote, ndefu vile, kuna kaka anasema, mdogo anataka, wewe unaogopa, sijaona sehemu hata moja baba anasema nini. Nadhani hajaambiwa. Miaka 61 si mtoto na si kikongwe, mtu ana shamba lake, ana madeni ya watu, pengine ana safari ya Hija anaiwaza. Sisemi mkamsomee asilimia. Wengi hawazitaki na wana haki. Mtafuteni mtu anayemheshimu, mumuulize kwanza anataka kujua kiasi gani, halafu aambiwe kwa kiwango hicho: uvimbe umetolewa wote ulioonekana, kuna uwezekano mkubwa wa kurudi, kuna dawa ya miezi sita ya kupunguza uwezekano huo, ina usumbufu huu na huu, wewe unasemaje mzee. Akisema hataki baada ya kuelewa, hiyo ni kauli yake na mimi nitaiheshimu, na daktari wenu wa Dar pia. Lakini iwe yake, siyo ya kaka kwa niaba yake.

La mwisho na ni la kesho asubuhi. Sikuona popote kwenye ripoti kipimo cha homa ya ini B. Huku kwetu wanaoishi na kirusi hicho bila kujua ni wengi, kinaharibu ini taratibu, na kemo inaweza kukiamsha kikalishambulia ini ambalo tayari limepunguzwa. Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe HBsAg, kinachoonyesha kama anacho sasa, na kile kipimo cha pili kinachoonyesha kama aliwahi kuwa nacho zamani, ni damu kidogo tu, majibu ya HBsAg yanatoka siku hiyo hiyo. Kikiwa chanya isiwe sababu ya kuahirisha tena, anaanzishiwa tenofovir, dawa ya kukizuia kirusi hicho, ipo nchini na si ghali, anaimeza sambamba na kapesitabini na kuendelea nayo hata baada ya mizunguko yote 8 kuisha, mpaka daktari aseme vinginevyo.